Chakula cha kuku chenye OGM: kipi hasa kinaingia ndani ya yai?

Swali: Dokta, jambo. Nafuga kuku wa mayai Katuba, hapa Lubumbashi. Konsantre yangu, chakula cha kuku cha kuchanganya na mahindi, inatoka Afrika Kusini na kuingilia mpaka wa Kasumbalesa. Mahindi nanunua kwa wenye malori, mara ni ya Zambia, mara ni ya Afrika Kusini. Mteja wangu mkubwa, mama anayeuza mayai ya kuchemsha karibu na shule, ameacha kununua kwangu. Ameambiwa kwamba konsantre ile ni OGM, yaani imetoka kwa mimea iliyobadilishwa jeni, kwamba jeni zake zinapita mpaka ndani ya yai, na watoto wakilila watakuja kuwa tasa. Mume wangu anataka tuiache konsantre, tununue soya ya wakulima wa hapa tusage wenyewe. Tena kijana wangu wa kazi alipanda punje za yale mahindi ya lori nyuma ya banda, na yameota vizuri sana. Tufanye nini? Mama wa kuku, Katuba.

Jibu: Mama, jambo sana, na pole kwa mteja aliyekuacha. Usiitupe konsantre yako kwa sababu ya OGM. Yai la kuku aliyekula soya au mahindi ya OGM ni yai kama mayai mengine. Jeni za soya hazihamii ndani yake, na mtoto anayelila hawi tasa. Hilo nakuambia bila kusitasita. Lakini katika barua yako kuna mambo mawili yaliyonishtua kuliko hilo: soya mnayotaka kusaga wenyewe, na mahindi yaliyoota nyuma ya banda. Tena kuna la tatu ambalo hukuliuliza, na ndilo ninaloliogopa kuliko yote. Nitayafikia.

Kwanza tujue kilichomo ndani ya mfuko. Kuku wa mayai anakula kama gramu 110 hadi 120 kwa siku. Nusu au zaidi ni mahindi. Sehemu inayofuata kwa ukubwa ni mashudu ya soya, yaani kile kinachobaki mafuta yakishakamuliwa. Halafu kuna pumba, chokaa ya kujenga ganda, chumvi, na kiasi kidogo cha vitamini na madini. Konsantre ni mchanganyiko huo ukiwa hauna mahindi, ndiyo maana unatakiwa uyaongeze mwenyewe.

Afrika Kusini ilipitisha sheria yake ya OGM mwaka 1997. Mahindi ya namna hiyo yakaanza kulimwa mwaka uliofuata, na mahindi meupe, haya tunayopikia bukari, yaani ugali, yakafuata mwaka 2001. Leo zaidi ya asilimia 80 ya mahindi ya nchi ile ni OGM, na soya yake karibu yote. Soya inayouzwa duniani inatoka zaidi Brazili, Marekani na Argentina, na huko zaidi ya asilimia 90 ya soya inayolimwa ni ya namna hiyo. Kwa hiyo aliyemwambia mteja wako kwamba konsantre yako ina OGM hakusema uongo. Kuna uwezekano mkubwa sana kwamba imo. Alikosea katika yale aliyoyaongeza.

Zambia iko tofauti. Kule OGM hailimwi kwa biashara, kwa hiyo soya iliyovunwa Mkushi ni soya ya kawaida. Ila mfuko ulioshonwa Zambia si lazima uwe na soya ya Zambia, maana mwaka wa ukame viwanda vinatafuta mali ghafi popote inapopatikana. Ukitaka kujua, muulize muuzaji soya ilivunwa wapi. Kuuliza mfuko umetoka wapi hakutoshi.

Na OGM ni nini hasa? Katika chakula cha kuku utakutana na aina mbili zaidi ya nyingine. Ya kwanza ni mahindi yaliyopewa jeni moja ya bakteria wa udongoni anayeitwa Bacillus thuringiensis, ambaye wakulima wa Ulaya walikuwa wakimpuliza shambani kuua viwavi miaka mingi kabla ya OGM kuwapo. Mahindi hayo yanatengeneza protini inayoshika kwenye utumbo wa kiwavi na kuutoboa. Kuku hana mahali pa kushikiwa na protini hiyo, na sisi hatuna. Tumboni mwetu inameng'enywa kama protini ya maharage. Ya pili ni soya iliyopewa jeni ya kuvumilia glifosati, dawa ya kuua magugu. Mkulima anapuliza shamba lote, magugu yanakufa, soya inabaki. Hizo zote mbili ziliingia sokoni Marekani mwaka 1996.

Sasa tuifuate ile jeni ndani ya kuku. Kila chakula chenye uhai kina jeni: mchicha, ndagala, mhogo, nyama ya mbuzi. Tumekula mbuzi tangu utoto na hakuna kati yetu aliyeota pembe, kwa sababu tumbo linavunja jeni za chakula vipande vipande kama linavyovunja wanga na protini. Kwa kuku, kazi hiyo inaanza kwenye asidi ya tumbo, firigisi inasaga, vimeng'enya vya utumbo vinamaliza. Wanasayansi wamewahi kukuta vipande vidogo sana vya jeni za mimea ndani ya nyama ya kuku, navyo ni vya mimea yoyote ile, iwe ya OGM au isiwe. Ni vipande visivyoweza kufanya kazi yoyote. Mwaka 2007 Mamlaka ya Ulaya ya Usalama wa Chakula ilipitia vipimo vilivyokuwapo vya nyama, maziwa na mayai ya wanyama waliolishwa OGM. Ikatoa tamko kwamba jeni zilizopandikizwa na protini zake hazikuonekana humo.

Kuhusu utasa, Mama, fikiria vifaranga wako wenyewe. Unawanunua wakiwa na siku moja, nao wanatoka kwa kuku wazazi. Katika nchi zinazolisha OGM, wazazi hao wamekula soya na mahindi ya OGM kizazi baada ya kizazi, na hakuna mnyama duniani ambaye uzazi wake unahesabiwa kwa makini kuliko kuku mzazi. Mayai mangapi yametagwa, mangapi yana mbegu, mangapi yameanguliwa: mwenye mashine ya kutotolea anajua hesabu hiyo kila wiki, maana ndiyo pesa yake. Kama chakula kile kingeleta utasa, mashine zingekuwa tupu zamani. Alison Van Eenennaam wa Chuo Kikuu cha California kule Davis, pamoja na mwenzake, walikusanya takwimu za mifugo ya Marekani kutoka 1983 hadi 2011, miaka ya kabla ya OGM na miaka ya baada yake. Ni wanyama zaidi ya bilioni 100, wengi wao kuku. Afya na ukuaji havikushuka OGM ilipoingia kwenye chakula.

Hofu hii ilipataje nguvu? Kwa sehemu kubwa ni picha. Septemba 2012 mtafiti wa Ufaransa, Gilles-Éric Séralini, alionyesha panya wenye uvimbe mkubwa waliolishwa mahindi ya OGM, na picha zile zikazunguka dunia. Wiki chache baadaye, Novemba, Kenya ikapiga marufuku kuingiza chakula cha OGM. Marufuku hiyo ilidumu mpaka Oktoba 2022, na ilipoondolewa kesi zikaanza mahakamani. Tatizo la utafiti ule lilikuwa kubwa: kila kundi lilikuwa na panya 10 tu wa kila jinsia, nao ni wa ukoo unaojulikana kuota uvimbe wanapozeeka, wale chochote. Jarida lililouchapisha liliufuta Novemba 2013, ukaja kuchapishwa tena katika jarida jingine mwaka 2014. Umoja wa Ulaya na serikali ya Ufaransa wakalipia majaribio mapya, makubwa na ya muda mrefu, na madhara yale hayakuonekana. Kwa bahati mbaya majaribio hayo hayakuwa na picha za kutisha, kwa hiyo hayakufika kwa mteja wako.

Lakini sitaki mtu anayeuliza maswali kuhusu OGM aonekane mjinga. Kuna mambo mawili yaliyotokea kweli, yote yakihusu chakula cha mifugo, na yanaonyesha kwa nini kila mbegu mpya inapimwa peke yake.

Katika miaka ya 1990 kampuni moja ya mbegu ya Marekani ilitaka soya yenye methionini nyingi. Ni sehemu ya protini ambayo soya inapungukiwa na ambayo kuku anaihitaji sana kwa manyoya na mayai. Ikachukua jeni kutoka njugu ya Brazili. Walipoipima kwa damu ya watu wenye mzio wa njugu ile, ikaonekana kwamba mzio umehamia kwenye soya. Matokeo yalichapishwa mwaka 1996, na soya ile haikufika sokoni kabisa. Mbegu iliyokusudiwa kuku ilizuiwa kwa ajili ya watu.

La pili ni mahindi yaliyoitwa StarLink. Marekani iliyaruhusu kwa mifugo tu, kwa sababu wataalamu hawakuwa na uhakika kama protini yake ingeleta mzio kwa watu. Mwaka 2000 yakakutwa kwenye vyakula vya dukani, na bidhaa nyingi zikarudishwa. Watu waliodai kuugua walipimwa, na haikuonekana kwamba protini ile ndiyo iliyowadhuru. Lakini mimi nalichukulia tukio lile kwa uzito, hasa hapa kwetu. Lori linalofika Kasumbalesa halina mahindi ya kuku upande huu na mahindi ya bukari upande ule. Ni mahindi yale yale, na mnunuzi ndiye anayeamua yaende wapi. Kwa hiyo kisichofaa kuliwa na mtoto kisiingie nchini kwa jina la chakula cha mifugo, na hilo tuna haki ya kuwadai wanaosimamia mpaka.

Glifosati nayo inastahili neno. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa kansa la Umoja wa Mataifa liliiweka katika kundi la vitu ambavyo huenda vinaleta kansa. Mamlaka za Ulaya zilipoipima zilifikia jibu jingine, zikaendelea kuiruhusu, mara ya mwisho mwaka 2023 kwa miaka 10. Mzozo haujaisha. Ninachokijua kama mtu wa mifugo ni kwamba mnyama akila mabaki yake, sehemu kubwa inatoka upesi kwa mkojo na mavi, haihifadhiwi mwilini. Anayeikaribia zaidi ni kijana anayebeba pampu mgongoni bila glavu, na dawa hiyo inapulizwa Afrika nzima kusafisha shamba kabla ya kupanda, hata penye mbegu za kawaida kabisa. Kama una ndugu mwenye shamba, mhurumie yeye kwanza.

Sasa nifike kwenye lile ninaloliogopa. Mama, mahindi yako unayaweka wapi, na yamekauka kiasi gani? Katika barua yako yote, chenye uwezo wa kudhuru watoto ni kuvu.

Kuvu aitwaye Aspergillus flavus anaota kwenye mahindi na karanga zenye unyevu, naye anatoa sumukuvu, ile inayoitwa aflatoksini. Glifosati wanaibishania. Sumukuvu hakuna anayeibishania: imo katika kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kwa hakika kuleta kansa kwa binadamu, kansa ya ini, na hatari inazidi kwa mwenye virusi vya homa ya ini ya B, ambavyo kwetu ni vingi. Kupika hakuimalizi. Kuchemsha, kukaanga, kusonga bukari kwa moto mkali, inabaki. Mwaka 2004 kule Kenya, upande wa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu, na 125 wakafa. Yalikuwa mahindi ya mashamba yao wenyewe.

Tena sumu hii ilijulikana kwa sababu ya chakula cha ndege wa kufugwa. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa muda mfupi, na ugonjwa ukapewa jina lisilo na maana kwa sababu hakuna aliyejua ni nini. Walipofuatilia, wakakuta mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili na kutiwa kwenye chakula chao, yakiwa yameshikwa na kuvu. Naikumbuka habari hiyo kila ninapoona mama anachagua mahindi, anatenga mazuri kwa ajili ya familia, na yale meusi, yenye ukungu wa kijani, anasema: haya apewe kuku. Nimeiona hapa Lubumbashi nyumba kwa nyumba na inaniuma. Kumbuka swali la mteja wako: kipi kinapita mpaka ndani ya yai? Sumukuvu inapita. Kwenye yai inapita kidogo sana, kwa sababu ini la kuku linajitwisha mzigo. Kwenye maziwa inapita zaidi, kama asilimia 1 hadi 3 ya ile aliyokula ng'ombe, wakati mwingine kuzidi. Kwa hiyo mwenye ng'ombe wa maziwa asisome hapa na kuruka.

Hata kabla hujafikiri mlaji, kuku wako mwenyewe anaharibika. Anapunguza kutaga, yai linakuwa dogo. Ukimpasua unakuta ini lililopauka, la manjano, limejaa mafuta. Na kinga yake inashuka, kiasi kwamba unamchanja dhidi ya kideri na chanjo haishiki. Wafugaji wengi hapa wanalaumu chanjo, wanalaumu aliyeiuza, wanaongeza antibiotiki. Nao mfuko wa mahindi umekaa juu ya sakafu ya simenti tangu Desemba, unanyonya unyevu kutoka chini.

Mahindi yetu yanavunwa Aprili na Mei. Ukinunua wakati ule, jua linaanza kuwa upande wako, maana kiangazi kinafuata. Hatari yako ni Januari mpaka Machi: mvua inanyesha, bei imepanda, na lori linaweza kuwa limelala siku nyingi mpakani chini ya turubai. Kabla ya kulipa, tia mkono ndani ya gunia mpaka katikati, usiangalie juu tu. Ukisikia joto au harufu ya kuoza, acha. Halafu fanya kipimo cha chumvi. Chukua chupa kavu yenye mfuniko, tia chumvi iliyokauka kabisa na mahindi kiasi cha theluthi moja ya chupa, tikisa kwa dakika chache, iache itulie. Chumvi ikishika kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15, usinunue ya kuhifadhi. Unachotaka ni asilimia 13 au chini. Nyumbani, weka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta, nunua ya kutumia wiki chache tu, na usisage mengi kwa mara moja kwa sababu unga unashika kuvu upesi kuliko punje. Punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi, zilizoliwa na wadudu, zichague uzitupe kabisa. Sehemu kubwa ya sumu imo humo. Katika mvua unaweza kuongeza dawa ya udongo wa bentonaiti inayouzwa kwa mifugo. Inashika sumukuvu tumboni na kutoka nayo. Lakini isikupe ujasiri wa kununua mahindi mabovu.

Kuna jambo moja hapa ambalo mteja wako hatalitarajia. Tundu la kiwavi ndiyo mlango wa kuvu. Mahindi ya OGM yanayoua viwavi yanatobolewa kidogo, na vipimo katika nchi nyingi vimeonyesha kwamba yana fumonisini kidogo, sumu nyingine ya kuvu wa mahindi. Sisemi hivyo ili kuyasifu. Nasema kwamba gunia la mahindi ya kawaida kabisa, ya kijijini kwetu, linaweza kuwa na sumu kuliko gunia la OGM, na kinyume chake pia, kutegemea yalivyokaushwa.

Tuje kwenye soya ya mume wako. Wazo lake lina heshima yake, pesa ibaki kwa wakulima wa hapa, nami napenda hivyo. Lakini soya mbichi ni mbaya kwa kuku. Ina vizuizi vinavyozuia protini isimeng'enywe. Kongosho la kuku linavimba, mayai yanapungua, mavi yanakuwa ya maji. Mashudu ya kiwandani yameshapita kwenye moto, ndiyo maana hayana shida hiyo. Nyinyi mtatakiwa kuichemsha soya kama dakika 30 na kuianika mpaka ikauke kabisa, au kuikaanga mkiigeuza bila kuacha mpaka ibadilike rangi kidogo na ile harufu ya ubichi iishe. Ikiungua nayo imeharibika. Tena msibadilishe kilo kwa kilo: soya nzima ina protini kama asilimia 36 hadi 38 na mafuta mengi, wakati mashudu yana 44 hadi 48. Na konsantre si soya peke yake, ina vitamini, fosforasi, methionini. Mkiiacha mtanunua premiksi, mchanganyiko wa vitamini na madini, kwa vyovyote, na mtamwomba mtu anayejua kupiga hesabu ya chakula awapangie.

Na chokaa, tafadhali, iwe ile ya mifugo, jiwe lililosagwa ambalo halijachomwa. Katika mji wa migodi kama wetu kuna chokaa iliyochomwa inayopelekwa viwandani, nayo inaunguza mdomo na utumbo wa kuku.

Mume wako ajue pia kwamba hata hivyo OGM haitakuwa imetoka nyumbani kabisa. Vitamini B2 na baadhi ya vimeng'enya vinavyotiwa katika premiksi vinatengenezwa kwa vijidudu vilivyobadilishwa jeni, vinavyofugwa kwenye matangi kama chachu ya pombe. Hata Ujerumani, ambako mayai yanauzwa na alama ya kusema kuku hakulishwa mimea ya OGM, sheria inakubali vitamini za namna hiyo.

Alama hizo zinakuonyesha njia moja ya kibiashara. Ujerumani inayo tangu 2008, Ufaransa tangu 2012. Hazisemi kwamba mayai mengine ni sumu. Zinampa mnunuzi nafasi ya kuchagua. Kama wateja wako wengi wanataka hivyo na wako tayari kulipa zaidi, tafuta mashudu ya soya ya Zambia ambayo muuzaji anaweza kukuonyesha karatasi zake, uuze kwa bei inayolingana. Lakini usiandike "bila OGM" kwa kubahatisha. Siku ukigunduliwa, hutauza hata yai moja Katuba nzima.

Mteja wako mwenyewe, nenda kamwone, usimtumie mtu. Usianze kwa kumwambia amedanganywa. Mwambie ukweli: ndiyo, konsantre ina soya ya OGM, na kuku wa barafu kutoka Brazili anayeuzwa kila soko hapa mjini naye amelelewa kwa soya hiyo hiyo. Mweleze habari ya kuku wazazi na mashine za kutotolea, maana mama anayeuza mayai ataielewa mara moja. Halafu mwonyeshe unavyochagua mahindi, na siku ambazo huuzi mayai kwa sababu kuku wamepewa antibiotiki. Kama hujawahi kuacha kuuza siku hizo, anza sasa. Mabaki ya dawa yanaingia kwenye yai bila shaka yoyote, na muda wa kungoja umeandikwa kwenye kibandiko cha chupa. Akikuuliza kuhusu kuku wa kwetu wanaojitafutia, kwamba hao ndio salama, mjibu kwa upole kwamba inategemea wanachookota. Kiwanda cha kuyeyushia shaba cha mji huu kilianza mwaka 1911, na udongo wa upande uliopuliziwa moshi wake, kama Penga Penga, una madini ya risasi na kadmiamu, metali zenye sumu. Kuku anayeparua vumbi lile anakula risasi, na risasi inaingia kwenye yai. Wa kwako, waliofungiwa banda lenye sakafu, wako mbali na hilo.

Yamebaki yale mahindi nyuma ya banda, na hayo ndiyo ya haraka. Mwaka 2002, njaa ikiwa kali, Rais Levy Mwanawasa wa Zambia alikataa msaada wa mahindi ya OGM, hata yaliyosagwa. Dunia ilimlaumu sana. Zimbabwe, Malawi na Msumbiji zikayapokea kwa sharti yasagwe kwanza. Huwa naona sharti lile lilikuwa la busara, kwa sababu kuna tofauti kubwa kati ya unga na punje. Mashudu ya soya kwenye konsantre yako hayawezi kuota, moto umeyamaliza. Punje nzima ya mahindi inaota, inatoa mbelewele, na upepo unapeleka chavua yake kwenye mahindi ya jirani. Jirani anaweka mbegu, mwaka unaofuata ile jeni imo shambani kwake bila yeye kuamua. Kongo haijaruhusu kilimo cha OGM, tena ni mwanachama wa Protokali ya Cartagena inayosimamia viumbe hai vya namna hii vinapovuka mipaka. Kuamua kama tutalima au hatutalima ni kazi ya nchi nzima, isifanywe na punje zilizopandwa kimyakimya nyuma ya banda.

Na kwa faida yako pia hayana maana. Mengi ya mahindi ya Afrika Kusini ni mbegu chotara. Ukipanda tena punje zake, mavuno yanashuka na mabua yanatofautiana, hata kama majani ya sasa yanapendeza.

Basi mwambie kijana ayang'oe yangali hayajatoa mbelewele, mabua apewe mbuzi. Kama mbelewele zimekwisha kutoka, azikate leo hii, na mahindi yakitia punje myachome mabichi mle, ni salama. Msiweke hata punje moja ya mbegu. Mjulishe na jirani mwenye mahindi upande wa pili wa ukuta, ili mwaka huu asichukue mbegu kwenye mistari iliyo karibu na kwako.